Mapovu Yakipungua, Hidrojeni Imekwenda Wapi?

Springi ilikuwa ya cherehani ya miguu, nyembamba, imevaa kutu kwa kukaa stoo masika mawili. Jirani yangu mmoja, mzee ambaye kazi yake ni kufufua cherehani ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa, aliitumbukiza kwenye kopo la asidi iliyomiminwa kutoka betri ya gari iliyokufa. Kutu ikatoka yote. Kesho yake asubuhi, alipoivuta kidogo ili aipachike mahali pake, ikakatika tak! kama kijiti cha kiangazi. Akanijia na vipande viwili kiganjani. Nilipomwamkia, hakusubiri hata kumaliza marahaba.

"Mwalimu, asidi imeila?"

Nilivipima vipande vile kwa maikromita. Unene wake ulikuwa karibu sawa na wa springi nyingine ya aina ile ile iliyobaki kwenye boksi lake. Haikuliwa. Na mzee aliongeza neno ambalo limenikaa hadi leo: asidi mpya ya dukani, ukitia chuma, hutoa mapovu kibao, lakini hii ya betri kuukuu ilitulia. "Ilikuwa shwari kabisa, Mwalimu. Ndiyo maana niliiamini."

Aliiamini kwa sababu ya rai ambayo sisi walimu ndio tunaoieneza. Tunapofika kwenye vichocheo, tunasema kwa sentensi moja kwamba kichocheo kinaweza kupata sumu: kitu kidogo kinakaa juu yake, kinaziba nafasi zake, mmenyuko unazorota. Kisha tunageuza ukurasa. Mwanafunzi anaondoka na mambo mawili kichwani. Kwanza, kwamba sumu kwenye elektrodi ya metali maana yake ni hidrojeni kidogo. Pili, kwamba mapovu yakipungua, metali imesalimika. La kwanza ni kweli nusu. La pili limevunja vyuma vingi.

Rai hiyo haikutoka hewani, nami sitaki kuidhulumu. Ina shahidi mzuri, platini. Katika seli za fueli zinazofanya kazi kwenye joto la nyuzi 80 hivi, kaboni monoksaidi ya sehemu 10 tu kwa milioni ndani ya hidrojeni inatosha kuudhoofisha uso wa platini. Gesi hiyo hung'ang'ania platini kuliko hidrojeni inavyoweza, inajaza viti vyote, na umeme unapungua. Salfa hufanya vivyo hivyo, tena kwa ukaidi zaidi, maana kuiondoa ni kazi. Anayetengeneza hidrojeni kwa kuyapasua maji kwa umeme naye huiogopa sumu kwa sababu hiyo hiyo: kila nafasi iliyozibwa kwenye elektrodi inamdai volti za ziada, na volti ni pesa. Kwa watu hao, sumu ni hasara tu, na maelezo ya darasani yanawatosha.

Lakini platini si chuma. Ili tuone tofauti, inabidi tuisogelee elektrodi na kutazama kinachotokea kabla ya povu.

Metali ikiwa ndani ya asidi, ioni ya hidrojeni inafika kwenye uso wake na kukutana na elektroni. Hapo haizaliwi gesi. Inazaliwa atomi moja ya hidrojeni, imekaa juu ya metali, imeshikwa na metali. Max Volmer na Tibor Erdey-Grúz walilieleza jambo hili mwaka 1930, na hatua hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina la Volmer. Baada yake kuna njia mbili za kuwa gesi. Atomi mbili zilizokaa jirani huungana na kuondoka pamoja. Hiyo ni hatua ya Tafel, kwa jina la Julius Tafel aliyechapisha mwaka 1905 uhusiano kati ya mkondo wa umeme na volti za ziada. Au atomi iliyokwisha kukaa hupokea ioni nyingine pamoja na elektroni, zikaondoka mbili. Hiyo ni hatua ya Heyrovský.

Vitabu vya shule huishia hapo. Kwenye chuma ipo njia ya tatu, na ndiyo iliyomvunjia mzee springi. Atomi iliyokaa peke yake inaweza kuzama. Molekuli ya hidrojeni, yaani atomi mbili zilizoshikana, ni kubwa mno kupita kati ya atomi za chuma. Atomi moja inapita. Hakuna atomi nyepesi kuliko hiyo, na kwenye chuma cha kawaida, hata bila moto, hutembea ndani yake kwa wepesi wa kushangaza, ikitafuta mahali palipobanwa, palipopinda, palipo na uwazi mdogo.

Sasa lete sumu. Hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka yai viza, arseniki, antimoni, fosforasi, sianidi. Vyote hivi vina tabia moja juu ya chuma: vinazuia atomi za hidrojeni zisiungane. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kuunda gesi ni kazi ya vidole viwili, na sumu inakaa katikati yao. Lakini kuzama ndani ya chuma ni kazi ya kidole kimoja. Atomi zinaendelea kuzaliwa, haziwezi kuondoka kama povu, zinarundikana juu ya uso, na kadiri zinavyorundikana ndivyo zinavyosukumana kuingia ndani. Wanakemia wangali wanabishana kuhusu namna hasa kila sumu inavyofanya kazi hiyo, kama inatenganisha majirani tu au pia inabadilisha jinsi metali inavyoishika atomi. Matokeo yenyewe hayabishaniwi, kwa sababu yamepimwa.

Yamepimwa kwa kifaa ambacho ningependa kila mwanafunzi wa kemia akione angalau mara moja. Devanathan na Stachurski walikieleza mwaka 1962. Ni vyumba viwili vya maji vilivyotenganishwa na bamba jembamba la metali. Upande mmoja wa bamba unatengeneza hidrojeni. Upande wa pili umewekwa katika volti ambayo kila atomi ya hidrojeni inayotokeza huko hunyang'anywa elektroni yake papo hapo, na mita inasoma mkondo. Kwa maneno mengine, mita inahesabu atomi zilizovuka ndani ya metali, moja moja, bila kujali mapovu. Ukiweka bamba la chuma na kuongeza miligramu chache za arseniki kwenye kila lita ya asidi upande wa kuingilia, utaona mambo mawili kwa pamoja: mapovu yanafifia, na mshale wa mita ya upande wa pili unapanda. Mtafiti anayetaka kujaza chuma hidrojeni makusudi hufanya hivyo hivyo. Hatafuti mapovu zaidi. Anatia arseniki au sumu nyingine kama thaiyurea.

Kuna anayesema: sawa, lakini ikiwa sumu inapunguza mmenyuko mzima, si hata hidrojeni inayoingia itapungua? Hesabu ndogo inatosha kumjibu. Tuchukue mfano wa kubuni: kila sekunde zinazaliwa atomi 1,000 mahali fulani, na 10 kati yake zinazama. Tia sumu. Sasa zinazaliwa 400 tu, ila moja katika kila tano inazama. Zilizoingia ni 80. Mmenyuko umepungua kwa zaidi ya nusu, kutu imepungua, povu limepungua, fundi ameridhika, na chuma kimebeba hidrojeni mara nane ya ile ya kwanza. Na chuma kigumu hakihitaji nyingi. Sehemu chache kwa milioni, kwa uzito, zinatosha kukifanya kikatike chini ya mzigo ambao jana kilikuwa kikiubeba bila shida.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko majina yote niliyoyataja. Mwaka 1875 W. H. Johnson aliandika kwa Royal Society ya London kwamba chuma kilicholowekwa kwenye asidi hupoteza unyumbufu wake, kwamba hurudiwa nao baada ya muda, na kwamba sehemu iliyovunjika, ikilowanishwa, hutoa viputo. Fikiria kidogo picha hiyo. Povu ambalo halikutoka kwenye asidi linatoka ndani ya chuma, pale kilipopasuka. Johnson alikuwa na waya mkononi, asidi, na macho yanayotazama, na aliona kwamba mkosaji ni hidrojeni.

Pamoja na hayo, somo hilo limelipiwa mara nyingi. Desemba 1951, huko Lacq, kusini-magharibi mwa Ufaransa, wachimbaji waliotafuta mafuta walifika kwenye gesi yenye shinikizo kubwa, na takriban asilimia 15 ya gesi hiyo ilikuwa hidrojeni salfaidi. Kisima kikalipuka na kutoka mikononi mwao. Mabomba ya chuma kigumu, yale yaliyoaminika kwa nguvu zake, yalipasuka kana kwamba ni kigae. Ilibidi viwanda vya chuma vya Ufaransa vitafute chuma kingine kabla gesi ile haijaanza kuuzwa mwaka 1957.

Hidrojeni salfaidi ni hatari kwa namna ya pekee, na nitasimama hapa kidogo. Arseniki inafunga njia ya mapovu tu. Hidrojeni yenyewe lazima itoke kwenye asidi nyingine. Hidrojeni salfaidi ikiyeyuka kwenye maji inakuwa asidi hafifu, kwa hiyo inaleta hidrojeni, na papo hapo salfa yake inakaa juu ya chuma na kuizuia hidrojeni hiyo hiyo isitoke kama gesi. Mleta mzigo ndiye mfunga lango. Ndiyo maana kipimo kinachotumika duniani kwa mafuta na gesi yenye hidrojeni salfaidi kimewekwa chini sana: pakiwa na maji, shinikizo la gesi hiyo peke yake likifika kilopaskali 0.3 tu, yaani kama sehemu 3 kwa 1,000 za shinikizo la hewa tunayovuta, mhandisi anatakiwa aanze kuchagua chuma chake kwa tahadhari. Na chuma cha kawaida kisizidi ugumu wa 22 kwa kipimo cha Rockwell C. Kanuni inasema ugumu usizidi. Kijana aliyefundishwa kwamba chuma imara ndicho chuma bora hushangaa sana anapoisoma mara ya kwanza.

Mtu atadhani baada ya Lacq dunia ilielewa. Mwezi Septemba 2013, uchimbaji ulianza Kashagan, chini ya Bahari ya Kaspi huko Kazakhstan, mmojawapo wa miradi ya mafuta ghali zaidi kupata kujengwa. Wiki chache baadaye, Oktoba, ukasimama. Mabomba yalikuwa yanavuja. Uchunguzi ukaonyesha nyufa zinazoletwa na salfaidi pale ambapo chuma kilikuwa kigumu kuliko inavyotakiwa. Mabomba mawili, la mafuta na la gesi, jumla ya kilomita 200 hivi, yakabadilishwa yote. Mafuta yalirudi kutiririka Oktoba 2016. Miaka mitatu, kwa sababu ya atomi zilizokosa mwenzi wa kuondoka naye.

Sisi wa Afrika Mashariki tusidhani haya ni ya wenye mafuta tu. Anayefika Olkaria, karibu na Naivasha, pua yake inampa habari kabla ya macho: mvuke wa ardhini unakuja na hidrojeni salfaidi. Na wapo ndugu zetu Oman na kwingineko Ghuba wanaolehemu na kukagua mabomba ya gesi chachu, yaani yenye hidrojeni salfaidi. Mlehemu anayepoza kiungo chake haraka mno anakifanya kigumu, na ugumu huo ndio hidrojeni inaoutafuta. Kwake somo hili si la mtihani.

Hata karakana ndogo inahusika. Wanaosafisha vyuma kwa asidi kabla ya kuvipaka zinki hutia dawa za kuzuia asidi isikile chuma chenyewe. Dawa nyingine zinafanya kazi mbili kwa uaminifu: chuma hakiliwi, na hidrojeni haizami. Nyingine, na thaiyurea ni mfano wa siku nyingi, zinaweza kupunguza kula kwa chuma huku zikiongeza hidrojeni inayozama. Ukizipima kwa mizani, kwa kulinganisha uzito wa chuma kabla na baada, zitafaulu. Mizani haioni hidrojeni. Ndiyo sababu bolti na springi ngumu, baada ya kupakwa metali kwa umeme, huingizwa kwenye tanuri la nyuzi 190 au zaidi kwa saa kadhaa, ili hidrojeni itoke kabla bolti haijabebeshwa mzigo. Bolti isiyopitia tanuri inaweza kufungwa vizuri leo, ikakaa kimya usiku kucha, na kukatika kesho bila kuguswa na mtu.

Nirudi kwa kopo la mzee. Kwa miaka mingi sahani za betri za gari zimetengenezwa kwa risasi iliyochanganywa na antimoni ili ziwe ngumu, na mara nyingi arseniki kidogo. Betri ikizeeka, sehemu ya vitu hivyo huingia kwenye asidi. Ni kweli pia kwamba asidi ya betri iliyokufa imepungua nguvu, na hilo peke yake linapunguza mapovu. Siwezi kumwambia mzee ni kiasi gani cha utulivu ule kilitokana na lipi. Ila waya wa springi ni katika vyuma vigumu kabisa anavyoshika, na aliuacha usiku kucha kwenye asidi yenye dalili zote za sumu hiyo. Nilimweleza hivyo. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa inaingia, haitoki." Sijapata kusikia mwanafunzi wangu akilieleza vizuri zaidi.

Upande wa pili wa rai hii nao unahitaji kusahihishwa. Tunasema "sumu" kana kwamba kila mara ni adui. Katika betri, kukosekana kwa sumu ndiko kunakoua.

Kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kutengeneza hidrojeni kwa zinki na asidi. Zinki ikiwa safi sana, viputo vinatoka kwa kusuasua, na mwalimu anadondosha matone machache ya mrututu, ule ule ambao wakulima wa kahawa wanapulizia miti yao. Shaba inajipaka juu ya zinki, na testitubu inachemka. Auguste de la Rive alionyesha mwaka 1830 kwamba uchafu ulio ndani ya zinki ndio unaoifanya iyeyuke haraka kwenye asidi. Zinki yenyewe ni kichocheo kibovu cha hidrojeni, na ubovu huo ni neema. Metali zinatofautiana kupita kiasi katika jambo hili: wepesi wa platini kuzalisha hidrojeni ni karibu mara bilioni moja ya ule wa zebaki au risasi.

Betri ya gari inaishi kwa ubovu huo wa risasi. Kila seli yake ina volti 2 hivi, na maji hupasuka kwa volti 1.23. Kwa hesabu hiyo betri ilitakiwa iyachemshe maji yake yenyewe mpaka yakauke, hata gari likiwa limeegeshwa. Haifanyi hivyo kwa sababu hidrojeni haipati pa kukalia kwenye risasi. Ukimimina maji ya kisima badala ya maji ya betri, unaweza kuwa unamimina chembe za nikeli au metali nyingine ambayo itajipaka juu ya sahani hasi na kuipa hidrojeni kiti. Betri inaanza kutoa gesi, maji yanapungua, chaji inaisha usiku. Antimoni ile ile ya kwenye sahani hufanya kazi hiyo polepole betri inapozeeka, na ndiyo maana betri zisizoongezwa maji zinatengenezwa kwa risasi na kalisi. Angalia basi: juu ya chuma, antimoni inaizuia hidrojeni isitoke, juu ya risasi, inaifungulia. Kitu kimoja, metali mbili, majina mawili kinyume. Anayeandika "antimoni ni sumu" bila kutaja metali iliyo chini yake hajaandika kitu.

Na betri kavu, zile za redio na tochi ambazo wengi tunaziita mawe. Ganda au unga wa zinki uliomo ndani yake unakabiliwa na maji na chumvi au alkali muda wote, dukani, nyumbani, ndani ya tochi iliyosahauliwa. Zinki ikitoa hidrojeni, gesi inajaa, ganda linavimba, na betri inatapika ndani ya redio. Dawa iliyojulikana tangu karne ya 19 ilikuwa zebaki. Ilipakwa juu ya zinki kwa sababu juu ya zebaki hidrojeni inazaliwa kwa shida kubwa. Zebaki ilikuwa sumu kwa kila hali, kwa mmenyuko na kwa mtu, na hiyo ya pili ndiyo iliyowafanya watengenezaji waiondoe katika miaka ya 1990. Kuondoa peke yake kungerudisha betri zinazotapika. Kwa hiyo waliisafisha zinki zaidi, wakiondoa chuma na metali nyingine zinazoipa hidrojeni kiti, na juu yake wakatafuta sumu nyingine, inayoizuia hidrojeni bila kumdhuru mtoto anayechezea betri kuukuu jalalani. Wakaipata katika indiamu na bismuthi, chembe kidogo tu, na ndizo zilizomo katika betri nyingi za alkali tunazonunua leo.